Kutia filme ya nyota mu radio: sauti gani tutachagua?



Wasichana wa kikundi chetu cha teatre wameomba kufanya kazi yenye hatujagusa bado: kukamata filme moja ya mambo ya kesho, zile zenye roboti na vyombo vya kuruka mu nyota, na kuigeuza kuwa teatre ya radio. Radio moja ya hapa Bunia imekubali kutupatia dakika 15 kila juma. Tangu habari hiyo ilitoka, wamama wamekuja kutuuliza. Wengine wanasema: filme ni kitu cha kuangalia, sasa mukiondoa picha kunabakia nini? Na wengine, zaidi wale wa site ya Kigonze na wale wenye walikimbia kutoka Djugu na Irumu, wameuliza ulizo lenye uzito kuliko lile: mule ndani kutakuwa milio ya bunduki?

Ulizo la kwanza limekwisha kupata jibu zamani, kwa hiyo tuanze nalo.

Mu mwaka wa 1977, George Lucas wa Marekani alitosha filme Star Wars, yenye watu wa kwetu wanaijua zaidi kwa jina la Kifaransa, La Guerre des étoiles. Kila mutu aliisifu kwa sababu ya macho: jangwa lenye majua mawili, vyombo vikubwa kama muji muzima, panga za mwangaza. Mutu akisema tuiweke mu radio, utamucheka. Lakini miaka 4 kisha pale, mu 1981, NPR, ile radio ya Marekani yenye haiishi kwa matangazo ya biashara, ilianza kuitangaza mu sehemu 13, kila sehemu karibu nusu saa. Filme ya masaa mawili ikakuwa muchezo wa karibu masaa sita.

Jambo hilo lilianzia ku KUSC, radio ya iniversite ya Los Angeles kwenye Lucas mwenyewe alisomea. Aliwapatia ruhusa kwa dolare 1. Munasoma vizuri: dolare moja. Filme ilikula karibu dolare milioni 11, na muchezo wote wa radio karibu dolare 200,000. Kwetu hata hiyo ni mulima wa feza, lakini ukizigawanya utaona tofauti. Mu radio, jangwa haliombi feza. Nyota elfu moja haziombi feza. Zinaomba mutu mwenye kujua kuzisema.

Mutu huyo alikuwa Brian Daley, mwandishi wa vitabu. John Madden, Mwingereza, akasimamia muchezo. Mark Hamill, yule wa filme, alirudi kucheza Luke, na Anthony Daniels alirudi kuwa roboti mrefu wa rangi ya zahabu, C-3PO. Harrison Ford hakuwa mule. Nafasi yake ilikamatwa na Perry King. Kisha muchezo kutoka, wasikilizaji wa NPR waliongezeka karibu asilimia 40, na wengi kati yao walikuwa vijana. Wakatengeneza filme ya pili mu 1983, mu sehemu 10, na ya tatu mu 1996, mu sehemu 6. Daley alikuwa mugonjwa wa kansa. Alikufa mu mwezi wa 2 wa ule mwaka wa 1996, wakati walikuwa wametoka tu kumaliza kurekodi.

Daley alifanya namna gani? Hapa ndipo wasichana wetu wanapaswa kutega masikio.

Angalia roboti mudogo, R2-D2. Hasemi neno hata moja. Anapiga filimbi tu. Mu filme unamuona akizunguka, taa zake zinawaka, unaelewa. Mu radio angebakia mulio wa telefone yenye inakosa umeme. Lakini Daley hakumuondoa. Alimuachia filimbi yake, kisha akamupatia C-3PO kazi ya kumujibu. R2 anapiga filimbi, C-3PO anashituka: unasema nini, wamefunga mulango? Sisi tunajua hiyo kazi, wamama. Umekaa unachambua sombe, jirani yako anasema ku telefone: «Eh! Amezaa? Wawili? Mu hopitali gani? Na bwana yake amekwisha kujua?» Wa upande wa pili haujamusikia hata kidogo, lakini habari yote umeipata, na unaweza kuipeleka mbali kuliko yeye.

Jambo lingine: filme inaanza katikati ya vita, na maandiko marefu yanapanda mu ekra ili kueleza. Radio haina mahali pa kupandisha maandiko. Kwa hiyo Daley alirudi nyuma. Sehemu mbili za kwanza zinasimulia mambo yenye filme haionyeshi: Luke akiwa kijana wa shamba anapigana na uchovu na marafiki wenye kumucheka, na Leia akiwa mu kazi yake ya siri mbele ya kukamatwa. Wakati vita inafika, musikilizaji amekwisha kuwapenda watu wenye watapigwa. Kwa maoni yetu, hapo radio ilipita filme.

Mwandishi mubaya wa radio utamujua haraka. Anaandika: «Ona, sasa ninafungua mulango kwa mukono wangu wa kuume, na ninaona mutu mrefu mwenye nguo nyeusi.» Hakuna mutu anasemaka vile. Mwandishi muzuri anaacha mulango ulie, kisha mutoto anauliza polepole: «Mama, yule ni nani?» Ni yale maneno manne tu, na kila musikilizaji anajitengenezea mutu wake mrefu, mwenye kutisha kwa kipimo chake.

Na musizanie kwamba kazi hii ni ya Wazungu tu. Ngambo ya ziwa, mu Uganda, wako vijana wanaitwa VJ wenye wanakaa na mikro na kusimulia filme za kigeni kwa Kiganda wakati inapita. Mu Tanzania alikuwako Lufufu, mwenye alitafsiri filme kwa Kiswahili kwa namna hiyo, akiongeza maelezo na mizaha yake. Watoto wetu wenye wanalipa ili kuingia mu nyumba za video wanajua zile sauti. Mutu wa namna hiyo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya radio. Inabakia kuzima ekra.

Sasa tuje ku bunduki.

Mutu mwenye alikuwa Bunia mu mwezi wa 5 wa mwaka wa 2003 hahitaji kuelezwa juu ya nini wamama wameuliza. Na mwenye alifika juzi kutoka ku vijiji haitaji vilevile. Mu mukutano wetu, mama mumoja alituambia kwamba mutoto wake akisikia hata mulango wa chuma ukijipiga na upepo, anaingia chini ya kitanda. Mu filme, mutoto anaona kwamba bunduki iko mule ndani ya ekra. Anaweza kugeuza uso. Sauti ya radio haina kadre. Inatoka mu kasanduku kadogo na kujaza nyumba yote, sawasawa na ile sauti ya kweli. Usiku, kama mutu anapita inje na hajui kwamba radio iko wazi kwenu, yeye pia atalala chini.

Hapa Star Wars inatusaidia kwa njia yenye hatukuwaza. Filme hiyo inaitwa vita, lakini ndani yake hakuna bunduki hata moja yenye kulia kama zetu. Mutu mwenye alitengeneza sauti, Ben Burtt, alitafuta milio yenye hakuna sikio lililokwisha kuisikia mu vita. Kwa bunduki, alipiga kwa nyundo waya ya chuma yenye inashikilia mutambo mrefu wa radio ili usianguke. Ile waya ililia «piuuu», na hiyo ndiyo bunduki ya Star Wars mupaka leo. Panga za mwangaza zilitoka mu muungurumo wa mashine ya kuonyeshea filme, na kelele ya televizio. Vyombo vya adui vyenye kupita kwa kasi ni mulio wa tembo, uliochanganywa na motokari inapita mu barabara yenye maji. Tembo! Kama angekuja kuwatafuta ku Epulu, mu pori ya Mambasa, tungemuonyesha njia.

Wakati NPR ilitengeneza muchezo wa radio, walitumia zile sauti za Burtt na muziki wa John Williams wa filme yenyewe. Kwa hiyo tumeamua hivi, na wasichana wamekubali: hakuna mulio wa bunduki ya kweli mu muchezo wetu, na hakuna bombe. Kama kutakuwa hatari, tutaitafutia sauti yake yenye haitoke mu maisha yetu. Kuna kijana mumoja alisema kwamba bila risasi hakuna mutu atasikiliza. Tulimujibu kwamba akina Burtt walijaza masalle ya sinema ya dunia nzima kwa waya na nyundo.

Kuna sauti ya pili yenye tunaogopa kuliko bunduki: sauti ya journaliste mwenye anakata programu na kusema kuna habari ya haraka.

Tarehe 30 mwezi wa 10 wa mwaka wa 1938, Orson Welles na wachezaji wake walitangaza ku radio ya Marekani kitabu cha H. G. Wells cha mwaka wa 1898, chenye kinasimulia vile viumbe vya nyota ya Marsi vinashambulia dunia. Walikitangaza kama habari: muziki unapiga, unakatwa, sauti inasema kitu kimeanguka mu shamba la kijiji kimoja. Ku mwanzo walisema kwamba ni muchezo, lakini mwenye alifungua radio kwa kuchelewa hakusikia. Watu kadhaa waliogopa sana, hata kama magazeti ya kesho yake yalikuza ule woga kupita vile ulikuwa.

Ya Marekani iliisha kwa kicheko. Ya Quito, muji mukubwa wa Ecuador, haikuisha vile. Tarehe 12 mwezi wa 2 wa mwaka wa 1949, Radio Quito ilifanya ule muchezo kwa Kihispania, na ikaweka majina ya mahali pa kwao na sauti za watu wenye kuiga wakubwa wa serikali. Watu walitoka mu barabara, wengine na nguo za kulala. Wakati walielewa kwamba walidanganywa, woga uligeuka hasira. Walichoma nyumba ya radio, yenye ilikuwa pamoja na gazeti El Comercio, na watu walikufa mule ndani.

Mu Ituri hatuhitaji Marsi. Uvumi mumoja tu, «wamefika ku muto», na kartie nzima inabeba magodoro. Kwa hiyo mu muchezo wetu hakuna mutu atacheza journaliste, hakuna jina la Bunia, la Mudzipela ao la Kasenyi litatajwa mahali penye hatari, na tutasema kwamba ni hadisi ya kutunga ku mwanzo, katikati na ku mwisho. Wachezaji wanaona kwamba kusema katikati kunavunja utamu. Kunavunja kidogo, ni kweli, na tutavumilia. Vilevile tumeomba saa ya mchana, wakati watoto wametoka ku masomo na giza haijaingia.

Ya tatu ni matamushi, na hapa tunaomba kila mutu asome polepole. Mu radio hakuna uso. Musikilizaji anajua watu kwa sauti tu: huyu muzee, huyu mutoto, huyu anasema kama watu wa kule. Sisi wa Ituri, ukisikia mutu anatamuka maneno mawili ya Kiswahili, umekwisha kujua kama nyumbani kwao wanasema Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara, Kindo ao Kibira. Sasa fikiri mwandishi anatafuta sauti ya kumupatia adui. Bila hata kuwaza mubaya, anamupatia matamushi yenye yeye mwenyewe alikuwa anacheka utotoni. Muchezo unatoka, na jioni ile watu wa kabila moja wanajisikia wamewekwa upande wa shetani.

Wenzetu wa Rwanda walikutana na jambo hilo. Wakati Musekeweya ilianza mu 2004, muchezo wa radio wa kuponyesha watu kisha mauaji ya 1994, waandishi hawakutaja kabila. Walitunga vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vyenye ugomvi wa udongo, na watu wakajitambua wenyewe. Filme za nyota zinatupatia mahali pa mbali zaidi kuliko kijiji cha kutunga. Mutu wa nyota nyingine hana kabila, ikiwa tu wewe haumupatie moja. Darth Vader, yule mubaya wa Star Wars, anajulikana kwa pumzi yake. Burtt aliirekodi mu chombo cha kupumulia cha watu wenye kuzama chini ya maji. Mu filme sauti ya Vader ni ya James Earl Jones. Mu radio ilikuwa ya Brock Peters. Ni watu wawili tofauti, lakini ile pumzi ni moja, na musikilizaji alimujua mbele hajafungua kinywa. Mubaya wetu atasemea ndani ya bidoni. Hakuna kabila lenye linasemea ndani ya bidoni.

Mama mumoja alipendekeza kwamba kisha kila sehemu tufungue telefone ili watu wajadiliane. Tumesema hapana, kwa sasa. Huku Kivu, muchezo wa radio Kumbuka Kesho ulichunguzwa na mutafiti Elizabeth Levy Paluck, na matokeo yakatoka mu 2010. Pale penye kisha muchezo kulikuwa programu ya kusukuma watu wajadiliane, watu walijadiliana kweli, lakini walikumbushana zaidi manunguniko yao, na mioyo ikapungua kuwa tayari kusaidia wale wenye hawawapendi. Kusema kisha muchezo kunaomba mutu mwenye amefundishwa kuongoza. Hatujamupata bado.

Sasa, filme gani? Wasichana hawakuchagua Star Wars. Wamechagua Pumzi, filme fupi ya Wanuri Kahiu, mwanamuke wa Kenya, yenye ilitoka mu 2009 na kuonyeshwa ku Sundance, Marekani, mu 2010. Inapita dakika 20 kidogo tu. Ni miaka 35 kisha vita ya dunia yenye watu walipigania maji. Inje hakuna muti hata mumoja. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, maji yanapimwa, hata jasho na mukojo vinasafishwa na kunywewa tena. Mwanamuke mumoja, Asha, anapokea udongo wenye haujulikane ulitumwa na nani. Anatia ndani mbegu ya zamani, na mbegu inaota. Wakubwa wanamukatalia kutoka. Anatoka. Anatembea mu jangwa na kile kimuti, na anakipatia maji yake ya mwisho.

Mama mwenye ameamuka saa 10 ya usiku kupanga bidoni ku robine anaelewa hii filme mbele ya kuiona.

Lakini kwa radio ni ngumu kuliko Star Wars, kwa sababu ndani yake watu karibu hawasemi. Wanaandikiana mu mashine. Kuna tu sauti ya mashine yenye inamuamuru Asha ameze dawa ya kuzuia ndoto. Wasichana wanataka musimuliaji mwenye ataeleza yote. Sisi wenye umri tunaona kwamba ile mashine inatosha kuwa C-3PO wetu: inamuuliza Asha mambo, Asha anaijibu, na tunajua penye yuko. Musimuliaji abakie ku mwanzo, kama bibi mwenye anafungua hadisi ku moto, kisha anyamaze. Maji tutayasikia tone kwa tone mu kikombe cha chuma, na atayahesabu kwa sauti. Ku mwisho hatuna haja ya maneno. Jina la filme limekwisha kutuambia sauti gani itabakia.

Filme haiko yetu. Lucas alilipwa dolare 1, lakini ruhusa ilitoka kwake. Kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa itatangulia, na mbele ya jibu hatutatangaza hata dakika moja. Kama jibu litakuwa hapana, wasichana wataandika hadisi yao wenyewe ya maji, na mambo yote yenye tumesema juu ya bunduki, habari na matamushi yatabakia vile.

Siku ya Posho, saa 8 ya mchana, tutasikiliza sauti za wenye wanataka kucheza. Tutawasikiliza kwa nyuma ya kitenge, bila kuona uso wala kuuliza jina, kwa hiyo wabinti wasijisumbue kusuka. Wababa pia wanaweza kuja. Tunakosa sauti nzito mbili. Na tunaomba vitu: lungo, muchele kidogo wa kumwanga juu yake kwa kufanya mvua, kikombe cha chuma, karatasi ya kukunjakunja kwa kufanya moto. Mwenye ana bidoni ya lita 20 yenye imepasuka, asiitupe, atuletee.